Tumekuwa wa Ngapi?

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika chaki. Nilipewa kopo la uji mzito wa muhogo na karatasi ya matokeo ya darasa la saba, nikaambiwa nikaibandike kwenye mlango wa ofisi. Ilikuwa shule moja ya msingi wilayani Kishapu, katikati ya mashamba ya pamba. Mimi nilikuwa binti wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, nimeshuka asubuhi ile kwenye lori na godoro langu na cheti cha ualimu. Mwalimu Mkuu alinitazama ninavyopaka uji, akasema, "Bandika juu zaidi, mwalimu. Mwaka jana mbuzi walikula majina ya chini, na mpaka leo kuna wazazi wanaosema watoto wao walifaulu ila mbuzi ndio walioharibu."

Nilicheka nikidhani ananitania mgeni. Halafu wazazi wakaanza kufika, na mbuzi nao wakaja nyuma yao.

Nilitegemea kila mzazi atatafuta jina la mwanawe. Wengi hawakutafuta. Baba mmoja aliyekuwa anapeleka ng'ombe mnadani aliwaacha barabarani, akanisogelea na kuuliza, "Mwalimu, tumekuwa wa ngapi?" Nikatazama juu ya karatasi nikamjibu kwamba tumekuwa wa nne katika tarafa. Akageuka akawapigia kelele wenzake kwa Kisukuma, na akina mama wakapiga vigelegele. Kijiji kizima kilifurahi. Enzi zile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, kufaulu kulikuwa kitu kimoja na kuchaguliwa kitu kingine, na katika darasa lile zima waliochaguliwa walikuwa hawafiki vidole vya mkono mmoja. Watoto waliobaki walikuwa wamesimama palepale wanashangilia unne wao.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nasema mapema ili msomaji asishangae mbele. Nilikasirika. Nilimwambia Mwalimu Mkuu kwamba wazazi hawa hawajali watoto wao. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kusugua miwani yake kwa pindo la shati kabla ya kusema jambo.

"Usiwakasirikie," akasema. "Katika karatasi nzima, hiyo namba ndiyo pekee tuliyoiandika kwa lugha yao. Mtu yeyote anajua wa kwanza na wa mwisho. Hayo mengine tumeyaandika kiofisi. Ukitaka wakuulize swali jingine, wafundishe swali lenyewe."

Niliyasikia maneno yale kwa sikio moja tu, kama kijana. Lakini ukinitaka nieleze kazi niliyofanya mpaka kustaafu, nitakwambia ndiyo hiyo.

Baada ya miaka mingi ya chaki nikahamishiwa Shinyanga mjini, ofisi ya elimu, chini ya Afisa Elimu Taaluma. Huyo ndiye anayebeba dhamana ya ufundishaji na mitihani ya shule zote za eneo lake, na ndiye anayelaumiwa zisipofanya vizuri. Wangu alikuwa mtu mwembamba, mkali wa muda, ambaye hakupenda kelele wala mazungumzo ya mpira ofisini.

Kazi yangu ilikuwa wastani. Vijana wa siku hizi kompyuta inawafanyia, lakini jambo lenyewe ni lilelile. Unachukua alama za watahiniwa wa shule, yaani wale walioingia chumba cha mtihani na kuufanya, unazijumlisha, unazigawa kwa idadi yao. Ukimaliza shule zote unazipanga, yenye wastani mkubwa juu, yenye mdogo chini. Hapo ndipo nafasi inapozaliwa. Nimezizalisha nyingi, kwa kikokotoo ambacho kitufe cha saba kilikuwa kinakwama mpaka ukibonyeze kwa kucha.

Siku moja nilimpelekea bosi mpangilio nikiwa na furaha kwamba shule nyingi zilikuwa zimepanda. Alisoma mpaka chini, akaweka kidole kwenye shule ya mwisho.

"Hii nayo imepanda?"

"Imepanda, mzee. Imepita alama zake za mwaka jana."

"Na bado ni ya mwisho." Akanirudishia. "Mwalimu Perpetua, hata walimu wote wakiwa malaika, ukizipanga shule lazima moja iwe ya mwisho. Na mwalimu mkuu wake ataitwa ajieleze. Halafu kumbuka na hili: wastani unawajua waliokaa kwenye chumba. Walioachwa nje hauwajui."

Ukaja wakati wa rangi. Shule zikawa zinawekwa kwenye kijani, njano au nyekundu kulingana na matokeo, na wazazi wakapenda kuliko hata namba. Mama mmoja alinijia mbio kuuliza kama shule yao ikiwa nyekundu watoto waendelee kwenda au wasimame kwanza. Nilimwambia waende, tena wawahi. Akaniaga kwa mashaka. Moyoni nilimwelewa, kwa sababu sisi wenyewe ofisini tulikuwa tunaikwepa ile nyekundu kama mtu anavyokwepa jina la ugonjwa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Katoro, upande wa Geita. Nilikuwa nimeshaota mvi nilipopewa kuwa Afisa Elimu Kata, mtu anayesimamia shule zote za kata moja na kusimama katikati ya walimu, wazazi na halmashauri. Unapewa pikipiki na lawama. Pikipiki yangu ilikuwa haiwaki asubuhi, lawama ziliwaka wakati wote.

Katoro watu hawatulii, na watoto nao hawatulii. Rashi ikitokea, yaani dhahabu ikionekana mahali papya na watu wakakimbilia, darasa linaweza kupukutika katikati ya muhula. Rashi ikizimika wanarudi, na wengine wapya juu yao. Uvuvi ukifungwa ziwani kule Nkome, familia za dagaa zinapanda huku kufanya biashara, na mwalimu anakuta sura ngeni tatu kwenye dawati moja. Mtoto anafika la sita hajui mada ya sehemu kwenye hisabati kwa sababu kila shule aliyopita ilikuwa imeshaimaliza au haijaifikia.

Katika kata yangu kulikuwa na shule mbili za serikali zilizokaribiana. Walimu wake bado wako kazini, kwa hiyo nitaziita ya Juu na ya Bonde. Ya Juu ilikuwa inang'ara. Kila mwaka ilikuwa miongoni mwa tano za mbele kiwilaya, na geti lake lilikuwa limepakwa rangi mpya. Ya Bonde ilikuwa chini. Siku hizi nafasi hazisubiri mlango wala uji wa muhogo. Mtu anapiga picha orodha, inazunguka kwenye makundi ya simu, na kabla mwalimu mkuu hajaiona, muuza nyanya ameshaiona.

Mwaka ninaousimulia, ya Bonde ilikuwa ya tatu kutoka mwisho wilaya nzima.

Mtu wa kwanza kufika ofisini kwangu alikuwa Mama Kabula. Alikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwa sababu ya kushinda karibu na mashine ile alikuwa anaongea kwa sauti ya juu hata akiwa msibani. Mumewe alikuwa ameshafariki. Binti yake, Kabula, alikuwa anamaliza la sita ya Bonde.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Kabula. Karasha limezima leo?"

"Linasaga, nimewaachia vijana. Nimekuja unisainie." Akaweka fomu ya uhamisho mezani. "Kabula anakwenda ya Juu. Mwalimu, ya tatu kutoka mwisho! Mtu wa Runzewe kanitumia, mtu wa Chato kanitumia. Wateja wananiuliza, mama, na hela zote hizi unasomesha mtoto pale?"

"Ya Juu wamempokea?"

"Wamempokea. Ila darasa la saba hawachukui mgeni. Arudie la sita kwanza."

Niliweka kalamu chini. "Na Kishapu wanajua?"

Akaanza kuinyoosha ile fomu kwa kiganja. Nilikuwa nawajua watu wa mumewe tangu nilipofundisha kule. Kabula alianza shule amechelewa, akiwa kwa bibi yake akichunga ndama, na sasa alikuwa mrefu kuliko mama yake. Kaka wa marehemu, baba mkubwa wa mtoto, ndiye aliyekuwa na sauti kwa upande wa ukoo, na tayari kulikuwa na familia iliyokuja kumuulizia binti, ikiwa na ng'ombe wa kutosha. Mama Kabula alikuwa amepigania, wakakubaliana mbele ya wazee. Kabula asome bila kurudia darasa. Akimaliza la saba na kuchaguliwa, anaendelea na hakuna atakayemgusa. Akirudia hata mara moja, basi shule imemkataa, arudi Kishapu.

"Nitamweleza shemeji," akasema, sauti imeshuka. "Nitamwambia hii ni shule ya kwanza, wilaya nzima wanaitamani."

"Yeye hatauliza shule. Ataona mtoto aliyekuwa la sita mwaka jana, na mwaka huu yuko la sita."

"Sasa nimwache kwenye shule ya mwisho afeli? Si atarudi kulekule Kishapu?"

Swali lilikuwa la haki. Uhamisho ni haki ya mzazi, sahihi yangu inathibitisha tu kwamba mtoto ana pa kupokelewa. Nilimwambia kalamu iko tayari, ila kwanza aje Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi wa ya Bonde. Baada ya mkutano, akisema nisaini, nitasaini tukiwa tumesimama. Alikubali kwa shingo upande. Alipoondoka niliogopa kweli. Nilikuwa nimemzuia mama mwenye haraka kwa sababu ya jambo ambalo nililihisi tu, sijalihakikisha.

Ijumaa Afisa Elimu wa halmashauri akanipigia. Alikuwa bosi kijana, msomi, mwenye heshima, na alikuwa ananiita mama hata akiwa amekasirika.

"Mama, nasikia wazazi wanataka kufunga geti na kumwondoa mwalimu mkuu. Unawaambia nini kesho?"

"Nitawaambia nafasi ina maana gani na haina maana gani."

"Mama, tafadhali. Usiwaambie haina maana. Mimi huko juu naulizwa nafasi. Sijawahi kuulizwa kitu kingine."

"Basi nawe utapata jambo la kuwajibu," nikasema, na nikakata simu kabla hasira haijaniponza.

Jumamosi walijaa. Madawati yalitolewa nje, waliokosa wakakaa kwenye kokoto. Mwalimu mkuu wa ya Bonde, kijana wa watu, alikuwa amevaa suti ya harusi yake. Baba mmoja wa mbele alikuwa amekuja na kufuli jipya, ameliweka wazi magotini ili kila mtu alione.

Nilisalimia kwa Kisukuma changu kibovu, "Mwangaluka," wakaitikia na kunicheka kidogo. Hilo lilisaidia. Nikasema sitasoma hotuba. Nikawaomba wenye watoto waliofanya mtihani wa la saba mwaka ule wasimame.

"Ambao mtoto wako alianzia hapa ya Bonde tangu la kwanza au la pili, nenda kwenye tanki la maji. Ambao mtoto aliingia akiwa la sita au la saba, nenda jikoni." Waliobaki katikati nikawaambia wachague palipo karibu, na watu wakacheka tena.

Walisogea. Upande wa jiko ulikuwa mkubwa kuliko wa tanki, na hata mimi sikutegemea uwe mkubwa kiasi kile.

"Sasa, ambaye mtoto wake amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, anyooshe mkono."

Kwenye tanki mikono ilipanda karibu yote. Jikoni ilipanda michache, imetawanyika. Watu walikuwa wanatazama tanki, wanatazama jiko, wanatazama tena tanki.

Wa kwanza kusema alikuwa baba mmoja wa jikoni, mchimbaji mwenye vumbi la mwamba kwenye kope. "Kwa hiyo, mwalimu, ni sisi ndio tumeishusha shule?"

Niliona kosa langu linakuja, nikaliwahi. Sikuwaweka watu pale ili waaibike. "Hapana, baba. Mtoto wako amesoma shule ngapi?"

"Nne." Mkewe akamgusa. "Tano."

"Hapa alifika lini?"

"Mwaka huuhuu, baada ya rashi ya kule porini kuisha. Nilianza kumpeleka ya Juu. Wakampa mtihani, halafu wakasema wamejaa."

"Na mimi waliniambia wamejaa," akasema mama wa pili. Wa tatu akadakia kwamba wake alikuwa anasoma ya Juu kabisa tangu la tatu, na alipofika la sita akaambiwa arudie au ahame, ndipo akamleta hapa. Jiko zima likaanza kuongea kwa pamoja.

Mama Kabula alikuwa amekaa kwenye kokoto, mtoto wake si mtahiniwa wa mwaka ule. Akasimama, na ile sauti yake ya karasha ikafunika wote.

"Subirini kwanza. Mwenye duara akitaka kuuza shimo lake kwa tajiri, anafanyaje? Anachambua. Anachukua lile jiwe linalometameta, analeta kwangu nisage, anamwonyesha mnunuzi. Mnunuzi akishuka chini anakuta kokoto." Akageukia upande wa ya Juu kana kwamba wanamsikia. "Hawa wanachagua mawe. Halafu yaliyokataliwa wanatuletea sisi, na tukisaga wanatucheka."

Wachimbaji wakaangua kicheko, hata baba mwenye kufuli. Mimi pia nilicheka, ingawa kazi yangu ilikuwa kusema ukweli wote, na ukweli haukuwa umeisha. Nikawaambia ya Juu ina walimu wazuri na wanafundisha, tusiwatukane. Nikawaambia pia kwamba wastani wake unawahesabu waliobaki, na wa kwetu unamhesabu kila aliyebisha hodi, na mzazi akisoma namba moja bila nyingine anadanganyika kwa mikono yake mwenyewe.

"Na nyie wa tankini msijipigie makofi," nikaendelea. "Hisabati yenu ni mbaya. Mwalimu mkuu, waambie siku ya gulio darasa linakuwaje."

Kijana alikohoa. Akasema siku ya gulio nusu ya watoto hawaji, wako sokoni wanauza na wazazi wao, na mwalimu wa hisabati hana namna ya kufundisha kitu kipya siku hiyo, akifundisha inabidi arudie. Akasema kwa upole sana, na watu waliinamisha vichwa kuliko kama angefoka. Walibishana mpaka jua likawa kali. Mwishoni wakaazimia jambo moja tu, kwamba siku ya gulio hakuna mtoto wa ya Bonde atakayeonekana nyuma ya meza ya biashara, na akionekana mteja amuulize mzazi kabla ya kuuliza bei. Baba wa kufuli ndiye aliyependekeza hilo la mteja. Kufuli alilirudisha mfukoni.

Watu walipotawanyika, Mama Kabula alinifuata kwenye pikipiki. Nilikuwa nimeshika kalamu, kama tulivyoahidiana.

"Mwalimu, Kabula yuko hapa tangu la pili. Yeye ni wa tankini."

"Ni wa tankini."

"Una uhakika atachaguliwa?"

"Hapana. Nina uhakika kwamba akirudia la sita, Kishapu wameshinda. Akibaki, atashindana mwenyewe."

Akaikunja ile fomu mara mbili, akanunua vitumbua kwa mama wa getini, akavifungia humo.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu kwangu kuliko kwa Kabula. Siku za gulio nilikuwa napita sokoni na pikipiki polepole, na akina mama wakiniona wananiita kutoka mbali, "Mwalimu, angalia, niko peke yangu!" Si wote waliotimiza. Wapo waliowaficha watoto nyuma ya viroba vya dagaa, nikawa nawaona vidole vya miguu. Lakini darasa la saba lilijaa siku za gulio, na mwalimu wa hisabati akaacha kurudia. Shemeji mtu alikuja mara moja kutoka Kishapu, akakaa karashani siku nzima, jioni akamuuliza Kabula yuko darasa la ngapi. Kabula akajibu la saba. Akarudi kwao.

Rashi nyingine ikatokea na kuisha mwaka uleule, na wageni wakamiminika ya Bonde kuliko mwaka uliopita. Mwalimu mkuu aliwasajili wote kwa mtihani. Nilijua yatakayotokea kwenye wastani. Nadhani naye alijua, maana alipokuwa ananiletea majina alisema tu, "Wako hapa, mwalimu, nitawapeleka wapi?"

Matokeo yalitoka nikiwa nimebakiza wiki chache kustaafu. Simu ya kwanza ilikuwa ya bosi. "Mama, ya Bonde imeshuka. Ya pili kutoka mwisho." Nikamuuliza waliochaguliwa je. Nikasikia anafungua makaratasi. "Wameongezeka," akasema. "Wameongezeka sana. Mama, hii nitaieleza vipi huko juu?" Nikamwambia aieleze hivyohivyo alivyoniambia mimi, na kwa kweli baadaye nilisikia aliieleza.

Nilikwenda karashani mwenyewe. Mama Kabula alikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, na Kabula amesimama nyuma yake ameweka mikono kichwani, analia na kucheka. Walikuwa wameshajua. Mama akazima mashine. Sijawahi kusikia pale mahali pakiwa kimya namna ile. Akapiga simu Kishapu, akaweka sauti ya nje, kwa sababu alitaka mashahidi.

"Shemeji, shikamoo. Matokeo yametoka."

"Marahaba. Nimesikia yametoka. Shule yenu imekuwa ya ngapi?"

Mama Kabula akanitazama. "Ya pili kutoka mwisho, shemeji. Na mtoto amechaguliwa."

Upande wa pili ng'ombe walikuwa wanalia.

"Hakurudia?"

"Hakurudia."

"Basi asome," akasema. "Tulikubaliana. Mpe simu nimpongeze."

Mama Kabula alimpa mtoto simu, akakaa chini juu ya viroba vya mawe ya watu, akajifunika uso na khanga. Nami machozi yalinitoka, sioni sababu ya kuficha. Vijana wa karasha walisubiri kwa adabu, mpaka mmoja akauliza kama wanaweza kuwasha.

Sasa niko Ushirombo, nalima muhogo na mahindi, Jumapili naimba kwaya kwa sauti iliyochakaa. Majirani wananiletea matokeo kwenye simu zao kama watu wanavyompelekea nesi mstaafu vidonda. Nawauliza: walioanza la kwanza walikuwa wangapi, waliofika chumba cha mtihani wangapi, wanaopokelewa katikati ya safari ni akina nani, wanaoondolewa wanakwenda wapi? Wengine wanachoka na maswali yangu, wanaondoka na namba yao. Wengine wanakwenda kumuuliza mwalimu mkuu. Nyie vijana mnaoingia kwenye ofisi hizi, nafasi mtazipanga tu, mtalazimika. Lakini mkiwapa wazazi, wapeni kwa lugha ileile rahisi na yale mengine pia, maana watu wa huku si wagumu wa kuelewa. Bosi wangu wa kwanza aliyejua hilo alikuwa anafukuza mbuzi mlangoni.

Likizo iliyopita Kabula alinitembelea. Amekuwa mdada, yuko sekondari ya bweni. Alipiga goti kidogo kunisalimia, akanipa mfuko wa dagaa wa Nkome uliotoka kwa mama yake. Tukakaa barazani. Akanisimulia chakula cha shule, baridi ya asubuhi, mwalimu wa fizikia anayeongea peke yake. Akataja kwamba matokeo yao ya kidato cha pili yametoka, na kabla sijajizuia mdomo wangu ukauliza.

"Mmekuwa wa ngapi?"

Akaangua kicheko mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. "Mwalimu, na wewe?"

Niliona haya, nikacheka naye.

"Sikuangalia," akasema alipotulia. "Lakini wasichana tulioanza kidato cha kwanza, wote bado tupo. Hata Minza, aliyejifungua, amerudi."

"Wote?"

"Wote, mwalimu."

Nikachukua ule mfuko wa dagaa nikaingia jikoni kuinjika sufuria, naye akanifuata kuchambua.